Kabla hujapaki Hiace ufukweni, uliza maji yanatoka saa ngapi

NIANZE na swali, msomaji wangu wa mjini, wewe unayejua kila kona ya kujirushia. Mara ya mwisho ulipokwenda ufukweni kuogelea, nani alichagua mahali? Na alipachagua kwa sababu gani? Usinijibu haraka. Mimi ningeulizwa mwaka juzi ningejibu bila aibu kwamba nilichagua mwenyewe, na sababu ilikuwa muziki mzito na picha za kwenye simu. Jibu hilo nusura lichukue roho ya mdogo wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Endasak, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Kama hupajui, basi ukitoka Babati kuelekea Katesh utapita kwetu, na Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 utakuwa unakutazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji asiyelipa kodi. Siku hizi nauza vifaa vya ujenzi Arusha, lakini kila mtikasi wa familia unaanzia Endasak kwa sababu moja tu: Hiace ya mjomba ipo huko, inabeba abiria wa Babati.

Usidhani kwetu hakuna maji. Yapo, ila ya kuogelea ndiyo kasheshe. Ziwa Balangida ni la chumvi, na kiangazi kikikaza linakauka linabaki jeupe kama uwanja wa unga. Ziwa Babati lina maji matamu, lakini pia lina viboko, na kiboko hana utani. Kuhusu maji yaliyosimama tuliambiwa tangu shule ya msingi habari za kichocho, kwa hiyo wengi wetu tumekua tukioga kwenye beseni. Mtu wa Endasak akikwambia anajua kuogelea, mwulize alijifunzia wapi.

Halafu lipo jambo jingine ambalo si la kuchekea. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani yakaingia Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Walikufa watu zaidi ya 80. Tangu siku ile mama yangu akisikia neno "maji" pamoja na neno "mengi", anaweka chini alichoshika. Sasa mwambie mama wa namna hiyo kwamba wanawe wanakwenda baharini kuponda raha.

Mwaka ule wa kwanza hatukumwambia. Tulisema tunakwenda Arusha.

Hiace yenyewe tuliifanya nyumba. Wenzetu wa Ulaya wana magari yenye kitanda, jiko, hata choo humo humo ndani, wanazunguka nayo fukwe zao joto linapokaribia kuisha. Sisi tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika magodoro mawili, tukafunga chandarua kwa kamba za viatu, tukatupia jiko la gesi, ndoo na dumu la maji. Tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume, binamu yangu ambaye ndiye dereva, na washikaji wawili wa Arusha, mmoja fundi simu na mwingine dada msusi. Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Kwa pwani yetu hapo ndipo mwisho wa kiangazi chenye joto: upepo ni wa kaskazi, masika hayajaanza, maji ni ya uvuguvugu.

Pahali tulipokwenda sitapataja. Kosa lilikuwa langu, si la pahali. Tulifika Jumamosi, mwezi ulikuwa mpevu, na ilipotimu saa 10 alasiri maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi za baa. Bomba! Watu wamejaa, muziki unatingisha vioo vya gari. Pembeni kidogo kulikuwa na kijito kinachoingia baharini, maji yake yametulia, hayana wimbi hata moja. Mimi, fundi wa kuchagua, nikamwambia mdogo wangu: "Wewe hujui sana, ogelea pale penye utulivu."

Alikaa pale kama saa moja na nusu. Halafu nikaona kichwa chake kinakwenda. Hakuwa anaogelea. Alikuwa anapelekwa. Alikuwa ananyoosha mikono kuelekea kwetu, na kadiri anavyopiga maji kuja ndivyo anavyozidi kuwa mdogo. Nilipiga kelele, lakini muziki ule ule niliousifia ndio ulionimeza. Fundi simu alitaka kurukia majini, dereva akamshika kiuno, maana naye anaogelea kama jiwe.

Waliomwokoa ni wavuvi wawili waliokuwa wanatoka na ngalawa yao. Walimkuta amelala chali, amechoka, ameshameza maji ya kumtosha. Usiku ule alilazwa. Mimi nilikaa kwenye benchi la zahanati nikiwa na nguo mbichi, nikitunga maneno ya kumwambia mama.

Asubuhi nilirudi pale kushukuru. Mmoja wa wale wavuvi alikuwa mzee, amekaa chini anashona wavu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Hanang. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mwanangu, watu wa bara mnakuja mkidhani bahari ni ziwa kubwa. Bahari inaingia na kutoka. Jana ilikuwa bamvua. Uliuliza inatoka saa ngapi?"

Sikuuliza. Ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia neno hilo. Kwa kidole, mzee akanichorea mchangani somo ambalo sikuwahi kulipata shuleni, na ninakupa kama nilivyolipokea.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, mchana na usiku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na kitu. Kila siku yanachelewa, kama dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, yanajaa sana na kupwa sana, na hilo ndilo bamvua. Pwani yetu tofauti ya juu na chini wakati huo inapita mita tatu, yaani nyumba ya kawaida mpaka kwenye dari. Katikati, mwezi unapokuwa nusu, maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Wenyewe wanayaita maji mafu.

Na hili ndilo lililonikaa kichwani. Pwani ya kuanzia Tanga mpaka Dar na Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo maana sisi tulifika tukakuta yamejaa vizuri. Tulichokuwa hatujui ni kwamba yalikuwa yanajiandaa kuondoka, mita tatu zote, na yakiondoka hupenda kupita kwenye mkondo wa kijito. Pale penye utulivu ndipo penye mlango.

"Mtoto wako alipigana nayo," mzee akasema. "Asingepigana. Angelala juu, akaenda ubavuni sambamba na nchi, mkondo ungemwachia. Huwezi kushindana na bahari inayotoka."

Nilimlipa soda na sigara. Alikataa fedha.

Basi mwaka uliofuata mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeleta hoja: anataka kurudi baharini. Nikadhani amerukwa. Akaniambia, "Dada, nikiacha sasa hivi sitaingia kwenye maji tena maisha yangu yote. Hata beseni naliogopa." Sikuwa na la kujibu. Kijana wa miaka 19 analiogopa beseni, na aliyempeleka ni mimi.

Safari hii tulikwenda Endasak kuomba ruhusa kiume. Mjomba hakuwa na maneno mengi: "Gari nalitaka Ijumaa usiku. Jumamosi lina abiria. Likiwa na chumvi, mtaliosha mpaka chini." Mama alinyamaza muda mrefu akichambua maharage. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, mwanamke ambaye hajawahi kuiona bahari hata kwa dirisha la basi.

"Sikukatazi. Ila nitajie unapompeleka mwanangu, na uniambie maji ya huko yanaingia saa ngapi na yanatoka saa ngapi. Ukishindwa kuniambia, hamwendi."

Nikaanza kuchagua upya. Safari hii kwa kalamu na daftari, na kalenda yenye picha ya mwezi niliyoibandika dukani karibu na bei za misumari. Wateja walidhani nimeingia uganga.

Dar tuliianza kwa heshima. Kutoka kwetu siku hizi unashuka kwa lami, Babati, Kondoa, Dodoma mpaka pwani. Coco Beach niliifuta mara moja, maana kuna miamba na huwezi kulala kwenye gari ukajiita umepiga kambi. Kigamboni ni jambo jingine. Mchanga ni mzuri, kambi zipo, na tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 huhitaji kupanga foleni ya pantoni. Fundi simu aliipigia kura kwa mikono miwili. Lakini Kigamboni ya mwisho wa wiki unaijua mwenyewe, msomaji, na mimi muziki wa ufukweni nilikuwa nimeapa kuupumzisha. Mtu akizama nataka nimsikie.

Bagamoyo ilimvutia dada msusi kwa sababu ya majengo ya kale. Hata mimi napazimia kwa kutembea. Kwa kuogelea, hapana. Mto Ruvu unamwaga matope yake jirani, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na yakipwa unatembea wee mpaka unasahau ulikuwa unafuata nini.

Saadani ilikuwa na sifa ambayo sikuiona kwingine: ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wanyama wanafika mpaka ufukweni. Dereva akasema safi sana, ataamka amwone tembo. Nikamsomea pia kwamba Mto Wami unaishia huko, una viboko na mamba. Kimya. Tumekimbia viboko wa Babati, tuwafuate tena kwa nauli?

Mtu mwingine akataja Tiwi, kusini ya Mombasa, ambako wasafiri wa magari ya kulala wamekuwa wakipiga kambi miaka mingi. Huko ingebidi tuvushe mpaka Hiace ya mjomba yenye karatasi za mjomba. Hoja ikafa hapo hapo. Kilwa na Mtwara ni kuzuri, ila kwa mwenye gari la kurudisha Ijumaa ni ndoto ya mchana.

Tulibakiwa na Tanga. Raskazone ipo ndani ya ghuba, mawimbi ni madogo, na kama ungekuwa unatafuta pa kujifunzia kuogelea karibu na mji ningekutuma huko bila wasiwasi. Mimi nilitaka pa kulala penye giza na ukimya. Kwa hiyo jicho likashuka chini ya mto Pangani, kwenye kijiji cha Ushongo. Ufukwe mrefu, mchanga, minazi, kambi zinazopokea mtu mwenye gari lake. Na mto? Hilo ndilo nililoliuliza kwanza, kabla ya bei. Mto Pangani ni mkubwa na una mamba wake, lakini Ushongo iko kilometa kadhaa kusini ya mlango wake. Nilipiga simu kwenye kambi, nikamwuliza aliyepokea: kuna kijito karibu? Maji yakipwa yanaacha nini, mchanga au mawe? Wageni wanaogelea saa ngapi? Yule kaka akacheka, akasema watu huwa wanamwuliza kama kuna intaneti.

Halafu nikachagua siku. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunachagua likizo halafu tunaikuta bahari. Mimi niliichagua bahari kwanza. Mwezi nusu uliangukia Jumatatu. Maji mafu, ya kujaa mapema asubuhi ya saa 4 hivi, bila vurugu. Jumanne yangejaa kama saa 5, Jumatano kuelekea saa 6. Nikayaandika kwenye kipande cha karatasi, nikampelekea mama. Akakikunja akakiweka ndani ya Biblia.

Tuliondoka Jumamosi saa 10 alfajiri, baridi ya Endasak ikiwa inatafuna masikio. Babati, Arusha, Moshi, Same. Jua lilituzamia Korogwe, tukalala ndani ya gari kwenye uwanja wa mafuta kwa ruhusa ya mlinzi. Kesho yake Segera, Muheza ambako tulinunua machungwa kwa ndoo, Tanga, kisha barabara ya Pangani. Tulivuka mto kwa kivuko. Mdogo wangu alikaa ndani ya gari amefumba macho mpaka tairi zikagusa ng'ambo.

Kwenye kambi, dereva alitaka kupaki chini ya mnazi uliojaa madafu, kivuli kizuri, picha nzuri. Mlinzi alimwangalia, akaangalia juu, akaangalia kioo cha mbele. Tukasogea. Tukataka kusogea karibu na maji zaidi, tukazama mchangani mpaka kwenye ekseli. Ilibidi tupunguze upepo wa tairi na kusukumwa na vijana sita wa kijiji, mshiko ukatutoka hapo hapo. Kwa hiyo nakwambia: ukifika tafuta ule mstari wa majani makavu na takataka ambao bahari imeuacha, huko ndiko bamvua hufika. Paki juu yake, kwenye udongo mgumu, na uulize kama maji ya kuoga ya kambi ni baridi au ya chumvi. Yetu yalikuwa na chumvi kidogo. Dada msusi alilia nywele.

Chandarua hakikuwa pambo. Mbu wa pwani hawajali kwamba umetoka mlimani, wanafurahi.

Jumatatu saa 3 na nusu asubuhi tulikuwa majini. Maji yalikuwa yanaingia polepole, ambayo ndiyo saa nzuri kwa asiyejua, kwa kuwa yanakusukuma nchi kavu. Tulikuwa tumemlipa kijana mmoja wa pale, mvuvi, asimame upande wa nje. Alitufundisha kuburuta miguu badala ya kukanyaga, ili samaki taa aliyejifukia mchangani ashtuke aondoke kabla hajakuchoma. Alituonyesha pia sehemu yenye mawe na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, akasema huko hakuna mtu kwenda peku.

Mdogo wangu alisimama na maji magotini kwa dakika 20. Sikumsukuma. Fundi simu alianza kumtania, nikamkata jicho akaacha. Kisha akaenda mpaka kiunoni. Akarudi. Akaenda tena. Yule kijana mvuvi akamwambia: "Leo hatuogelei. Leo tunajifunza kulala." Akamshika mgongo kwa kiganja kimoja, akamlaza chali juu ya maji, kama mtoto anayeogeshwa. Nilikuwa karibu nikaona kidevu kinamtetemeka. Nikaona pia jinsi kiganja kilivyoshuka polepole, mpaka kikawa hakipo tena chini yake, naye hajui.

Jumanne alilala mwenyewe. Jumatano alipiga mikono na miguu kutoka kwangu mpaka kwa dereva, hatua kama kumi, akameza maji, akakohoa, akadai arudie. Siku hiyo hiyo wengine walikwenda na boti kwenye kisiwa cha mchanga cha Maziwe, ambacho boti hukiendea maji yakiwa chini kwa kuwa yakijaa sana kinafunikwa. Sisi wawili tulibaki. Hakutaka kuondoka kwenye maji aliyoyazoea, nami sikutaka kuondoka kwake.

Jioni tulikuwa tumekaa mlangoni mwa Hiace tunamenya machungwa, mbele yetu bahari imesogea nyuma kidogo tu, kiadabu. Simu ikalia. Ni mama.

"Mko wapi?"

"Tumetoka majini tangu mchana, mama. Tunakula."

Nikasikia karatasi inafunguliwa.

"Hapa umeniandikia Jumatano saa 6 mchana. Yalikuja kweli?"

"Yalikuja, mama. Yalichelewa kidogo."

"Na huyo mtoto?"

Mdogo wangu akaninyang'anya simu kwa mkono uliojaa maji ya machungwa, akaanza kumweleza kwa Kiiraqw, haraka haraka, jinsi mtu anavyolala juu ya maji.